Mwalimu Aliyeipa "Sapoti" Likizo

Katika darasa la Mwalimu palikuwa na neno moja lililopigwa marufuku, na wala halikuwa tusi. Lilikuwa "support". Ukilitamka hakukuchapa wala hakukutoa nje. Aliacha kuandika, akageukia dirishani, akangoja. Darasa zima lilingoja pamoja naye mpaka upate neno jingine.

"Hili neno limechoka," alituambia tulipokuwa bado wageni wa kidato cha kwanza. "Mmelibebesha kila kitu. Mchango wa harusi, sapoti. Gari limekwama kwenye tope, sapoti. Mtu hajacheka utani wako, unalalamika hajakusapoti. Mimi nimelipatia likizo. Litarudi mkishawajua ndugu zake."

Tulidhani anatania. Likizo ile ilidumu miaka minne.

Usitucheke. Kwetu milimani Kiingereza kilikuwa lugha ya tatu. Nyumbani tulisema Kishambaa, sokoni na shule ya msingi Kiswahili, kisha ghafla unaingia sekondari na historia, jiografia na biolojia zote zinakuja kwa Kiingereza. Mtu aliyeingia katika nyumba ya kigeni hushika kitu cha kwanza anachokifahamu. Sisi tulishika "sapoti", kwa sababu tayari ilikuwa imeingia katika Kiswahili chetu, na tukaitumia kama jembe moja la kulimia, kupalilia na kuulia nyoka.

Namwandika sasa kwa sababu mwaka jana tulikaribia kumpoteza. Hakuwa mgonjwa. Nyumba yake iko juu ya mji wa Lushoto, upande wa kwenda Irente, kwenye mteremko ambao mgeni akiuona huuliza watu wanalalaje usingizi. Ua wa mbele unashikiliwa na ukuta wa mawe, na ukuta ule ulimeguka wakati wa vuli. Mwanawe Elia, anayeishi Tanga mjini, alipanda kuja kuutazama, kisha akasema wazi: usipojengwa upya kabla ya masika, mzee anashuka pwani kukaa naye. Mwalimu akae Tanga. Mtu ambaye hata akifika Mombo tu, pale chini ya milima, huwa amekunja uso kwa joto.

Kuujenga ukuta kulikuwa kazi, lakini kazi inayojulikana. Jambo gumu lilikuwa Mwalimu mwenyewe, na ili ulielewe inabidi kwanza nikueleze alivyo.

Alifundisha kwa miguu. Neno "prop" hatukulikuta ubaoni, tulilikuta nyuma ya jiko la shule, palipokuwa na mgomba ulioinamishwa na mkungu wake. Ulikuwa umesimamishwa na mwega, ule mti wenye panda. Mwalimu aliuondoa mwega, akamwambia mmoja wetu aushike mgomba kwa mabega.

"Unasikia nini?"

"Uzito, Mwalimu."

"Ukiondoka?"

"Unaanguka."

"Basi hiyo ndiyo prop. Kitu kinachokaa chini ya kingine, na kikiondoka kile kingine kinaanguka. Usimwambie mtu mwenye nguvu zake kwamba wewe ni prop yake. Atakasirika, na atakuwa na haki."

Kisha akatupeleka kwenye bustani ya nyanya. Kila mche ulikuwa umefungwa kamba kwenye kijiti chake. Pale alituuliza kama hii ni kazi ile ile ya mwega. Tukasema ndiyo. Akakaa chini kwenye tuta, suruali yake ya kazini ikashika udongo, akatuambia tutazame vizuri. Mche wa nyanya haujachoka, alisema. Una nguvu nyingi kuliko akili, unataka kwenda kila upande. Kijiti hakiubebi, kinauonyesha njia ya kwenda juu. Kwa hiyo neno lake ni jingine. Sikumbuki mtihani wowote wa mwaka ule, lakini hadi leo sichanganyi "prop" na "stake", na ninapoona mtoto mtundu darasani kwangu hujiuliza kwanza: huyu anahitaji mwega au kijiti?

Alikuwa na sweta moja la kijivu lenye viraka vya ngozi kwenye viwiko. Tulimhurumia, mpaka siku aliyotuambia kwamba sweta halikuwa limechanika. Alikuwa ameshona viraka likiwa jipya.

"Palipochanika unaziba," alisema. "Mimi sijaziba. Nimeongeza nguvu mahali penye nguvu, ili ziendelee kuwepo. Reinforce. Fundi akitia nondo kwenye zege, anafanya hivyo hivyo. Zege si bovu. Anajua tu mzigo unaokuja."

"Sustain" alitufundishia kwenye mazoezi ya kwaya. Yeye mwenyewe aliimba besi, na kusema kweli hakuwa mwimbaji mzuri, lakini pumzi alikuwa nayo. Sauti nyingine zilipopanda na kushuka, besi ilibaki palepale na noti moja ndefu chini ya zote. Alituambia tuisikilize ile noti isiyokwenda popote. "Haina sifa," alisema. "Hakuna anayetoka ibadani akiisifu. Inyamazisheni muone."

Si kwamba alikuwa mtakatifu. Alikuwa na ulimi. Mwenzetu mmoja, Singano, alikosa shule siku nzima, na kesho yake akajieleza kwa Kiingereza kwamba alikuwa nyumbani "supporting the cow to give birth". Mwalimu aligeukia dirishani. Tukangoja. Kisha akauliza kwa Kiswahili, taratibu:

"Singano, ng'ombe wenu anagombea ubunge?"

"Hapana, Mwalimu."

"Sasa ulimsapoti vipi? Ulimpigia makofi?"

"Nilivuta miguu ya ndama, Mwalimu."

"Ndama yuko hai?"

"Yuko hai. Ni jike."

"Basi andika kwamba ulivuta miguu ya ndama, na ndama yuko hai, na ni jike. Hiyo ndiyo habari. Ile sapoti yako ilikuwa inaificha."

Na yeye aliyekuwa mkali namna hiyo tulimkuta kiwanjani siku timu ya shule ilipocheza na timu ya mjini. Alikuwa amesimama juu ya benchi, sauti imekauka, akiwaambia wanafunzi waliokuwa kimya: "Sapotini timu, nyie." Jumatatu msichana mmoja jasiri alimkumbusha. Mwalimu hakutikisika. "Neno likiwa likizo," alisema, "linaruhusiwa kwenda mpirani."

Sasa nifike kwenye tabia yake iliyotusaidia baadaye. Mwalimu hakuweza kuvumilia somo lililokosekana. Ukiugua, alikuja kwenu. Mimi nilipopata matubwitubwi, mashavu yamevimba na kufungwa kitambaa, alitembea kutoka Lushoto mpaka kwetu Kwai kwenye mvua nyembamba ya asubuhi. Mama alikuwa zizini anakamua.

"Shikamoo, Mwalimu. Karibu, ngoja nikupe maziwa ya moto kwanza."

"Marahaba, mama. Kipindi kwanza."

Akaketi kwenye kigoda, akanitazama mashavu. "Leo hutajibu," akasema. "Leo utasikiliza tu. Ni bahati, wengine darasani hawajawahi kuipata." Akanifundisha somo zima la jana yake, na mimi nikaitikia kwa kichwa. Alipomaliza, mama akamletea yale maziwa. Akashukuru, akasema ameshiba. Mvua ilikuwa imezidi, mama akamletea mwavuli. Akashukuru, akasema mvua ni ndogo. Baba akajitolea kumsindikiza na kumbebea mkoba. Akasema mkoba ni mwepesi. Akaenda zake akilowa.

Hapo ndipo alipojipinga mwenyewe. Mtu aliyejua maneno yote ya kumshikilia mwenzake hakukubali kushikiliwa. Lifti alikataa. Kwenye mteremko wa utelezi, ukimpa mkono, alijifanya anatazama mandhari. Tangu mkewe alipofariki, majirani walimpelekea chakula, naye alikirudisha chombo kikiwa na kitu kizito zaidi ya kile alicholetewa. Na kila aliyemsukuma sana alipewa jibu moja, kwa upole kabisa: "Mimi si mgomba."

Basi ukuta ulipomeguka, habari ilitufikia sisi wanafunzi wake wa zamani kwa simu, mmoja kwa mwingine. Januari, wakati jua limekausha udongo, tulipanda kwake tukiwa kundi: wakulima wa mboga, wauguzi, mwenye duka la pembejeo, mimi na walimu wenzangu. Mbele alikuwa Singano. Yeye hakumaliza shule nasi. Akiwa kidato cha tatu alimfuata mjomba wake kwenye kazi ya ujenzi, na sasa ni fundi anayetafutwa tarafa nzima.

Mwalimu alitupokea kwenye baraza. Nywele zimekuwa nyeupe, mgongo bado wima. Kutoka pale tuliona ukuta ulivyo. Katikati ulikuwa umetoa tumbo, upande mmoja mawe yameanguka hadi kwenye njia ya chini, na ukingo wa ua ulikuwa umeliwa mpaka karibu na pembe ya nyumba. Singano alienda kuchuchumaa ukingoni, akaanza kugonga mawe moja moja.

"Mwalimu," nikasema, "tumekuja kufanya msaragambo, sote kwa mikono yetu. Mawe yapo, mchanga utaletwa, fundi ni wetu."

"Mmefanya vizuri kuja kunisalimu," alisema. "Ila nendeni mkafanye kwa mjane yule wa pale bondeni. Mimi nitamtafuta kijana wa kunipangia mawe kidogo kidogo."

"Kidogo kidogo masika itakukuta," akasema mwenye duka.

"Ikinikuta, nitakuwa nyumbani. Mimi si mgomba."

Tulimbembeleza, kila mmoja kwa namna yake. Muuguzi alimtajia hatari. Mimi nilimtajia watoto wa shule wanaopita njia ya chini ya ukuta. Alikubali kila hoja na hakukubali lolote, kama anavyojua. Elia alikuwa ameshasema yake: feni imenunuliwa, chumba kimepakwa rangi. Tuliona waziwazi kwamba tukishuka siku ile bila jibu, masika itaamua badala yetu.

Ndipo Singano, aliyekuwa bado amechuchumaa ukingoni, akanyanyuka akaja barazani, kofia mkononi.

"Mwalimu, mimi sikuja kwa ajili ya ukuta. Nimekuja kudai."

"Kudai nini?"

"Kipindi. Muhula nilioondoka, wenzangu uliwapeleka kanisani ukawafundisha 'buttress'. Mimi sikuwepo. Kwetu ulikuja ukakuta nimeshahama. Nimejenga miaka yote hii, na hilo somo sijapewa."

Mwalimu alisogeza kiti akamkabili.

"Ni kweli," alisema. "Nilifika kwenu, nikamkuta mama yako. Nilirudi nalo." Akatazama ukuta. Akatazama mikono ya Singano. "Hilo haliwezi kufundishwa kwa maneno tu. Linahitaji ukuta."

"Hata mimi nilifikiri hivyo, Mwalimu."

"Kesho saa mbili asubuhi. Na wasiohusika na kipindi wasije kunipotezea muda."

Hakuna aliyesema kwamba hahusiki.

Sijawahi kuona ujenzi kama ule. Mwalimu aliwekewa kiti uani, mbali na ukingo, na hapo alikaa muda mfupi sana. Kila hatua ilisimama kwanza ielezwe. Kabla hatujagusa jiwe la zamani, Singano alisimamisha magogo ya mkaratusi kwa mshazari, yakakaza ule upande wa pembe ya nyumba.

"Haya tunayaitaje?" Mwalimu akauliza.

"Prop," akajibu mkulima mmoja, jembe begani, mtu mzima mwenye wajukuu.

"Moja moja ndiyo. Lakini yote kwa pamoja, yamewekwa kwa muda, nyumba isiende wakati tunachimba?"

Muuguzi akadakia kutoka kwenye foleni ya ndoo: "Shore up."

"Umekaa wapi na hilo neno miaka yote?"

"Wodini, Mwalimu. Halitumiki sana."

Tulicheka, kazi ikaendelea. Msingi ulichimbwa mpaka udongo mgumu. Mawe makubwa yakalala chini, ukuta ukaanza kupanda ukiwa umeegemea mlima kidogo, maana ukuta uliosimama wima mno husukumwa na udongo uliolowa. Nyuma yake tukajaza kokoto, na mbele tukaacha matundu ya kupitishia maji. Wanawake tulipika makande, wanaume wakabeba mawe, kisha tukabadilishana, kwa sababu Mwalimu alisema hajawahi kufundisha wasichana kubeba maneno mepesi.

Tulipofika katikati, pale palipokuwa na tumbo, akaomba kushuka kwenye mtaro wa msingi aone mwenyewe. Mtaro ulikuwa na kina na pembeni pana utelezi. Singano alikuwa chini, akanyoosha mkono juu. Mwalimu akautazama ule mkono. Sote tukajifanya tuna shughuli. Kisha akaushika, akashuka.

"Hii nayo ina neno lake, Mwalimu?" Singano akauliza.

"Inalo. Utafundishwa ukimaliza kazi."

Akasimama pale mtaroni, udongo ukifika magotini, akafundisha. Akamwambia Singano asukume ukuta kwa kiganja, kisha akaniita mimi nisimame upande wa pili nisukume kurudisha. Ukuta wa kanisa letu la zamani, alisema, una nguzo nene za mawe nje, zimeegemea kama watu waliopanga mabega. Hazibebi paa. Zipo kwa ajili ya siku ukuta unapotaka kutoka nje. Hapa, ambapo udongo wote wa ua unasukuma kwenda bondeni, tutamsimamisha mtu mmoja wa mawe asukume kurudi mlimani.

Singano alijenga ile nguzo kwa mikono yake. Hakumruhusu mtu mwingine apange jiwe lake hata moja. Alipoweka la mwisho alipangusa jasho, akasema lile neno la Kiingereza polepole, kama anayemtambulisha ndugu aliyempata ukubwani. Mwalimu alimpa mkono wenye tope. "Na ule mkono wa mtaroni ndio sapoti yenyewe. Sasa hudai kitu," akasema. Siku hiyo alikula makande yetu, akaongeza sahani, na hakurudisha chochote.

Masika ilikuja kwa hasira. Mvua ilipiga usiku na mchana, tope likafunga barabara ya Mombo, mabasi yakalala mjini. Upande wa pili wa bonde ukingo mmoja uliporomoka na shamba la maharage la mtu. Kila asubuhi nilimpigia Mwalimu simu kabla ya kwenda shuleni.

"Shikamoo, Mwalimu. Ukuta?"

"Marahaba. Maji yanatoka kwenye matundu kama yalivyoagizwa. Wewe umevaa viatu vizuri?"

Mvua zilipokwisha nilipanda kwenda kumsalimu. Njia ilikuwa imeoshwa hadi mawe, lakini kutoka mbali niliuona ukuta, mweusi kwa unyevu, na majani ya mabingobingo tuliyopanda juu yake yameshika na kuchipua. Uani palikuwa na pikapu ya Elia. Alikuwa amekuja na turubai na kamba, kumhamisha baba yake, maana hakuamini kwamba ukuta wetu ulistahimili masika.

"Dada, nisaidie kumwambia," alinisihi nilipofika. "Kila kitu kiko tayari. Nimeshafunga hata feni."

"Umeuona ukuta?" nikamuuliza.

"Nimeuona."

"Hujauona," akasema Mwalimu, akitoka ndani. "Umeutazama kutoka kwenye gari. Shuka kule chini."

Tulishuka wote watatu kwa njia ya pembeni. Elia aliweka kiganja kwenye mawe. Akasukuma kidogo, kama tunavyofanya wote mbele ya kitu kilichotutia hofu. Kisha akasukuma kwa bega. Akaizunguka ile nguzo ya Singano, akainama kuchungulia matundu ya maji, akapanda tena, akakagua pembe ya nyumba. Hapakuwa na ufa. Alikaa kwenye kiti cha uani, akacheka peke yake.

"Baba, sasa ile feni nifanye nini?"

"Ifurahie. Tanga kuna joto." Mwalimu akamgeukia kabisa. "Mwanangu, ulikuwa sahihi kuogopa. Ningekuwa mimi ningeogopa. Lakini mimi hapa sikai peke yangu, na hilo nilichelewa kulijua."

"Nikirudi na gari tupu mke wangu atanicheka."

"Halitarudi tupu."

Tukalijaza. Viazi vya shamba la nyuma, kabichi, karoti zikiwa bado na udongo, na majirani walioona gari wakaleta vyao kwa ajili ya wajukuu wa Tanga. Turubai lililoletwa kufunika kitanda cha Mwalimu likafunika kabichi. Elia akaaga, akaipeleka pikapu polepole kwenye kona ya kwanza ya mteremko, na kabla hajapotea akapiga honi.

Mwalimu alitembea mpaka mwisho wa ua wake, akasimama juu kabisa ya ukuta, miguu yote miwili kwenye ukingo, akampungia mwanawe mkono mpaka gari likashuka.